Neno "Mara Moja": Hotuba Kuhusu Plastiki Tunayoitumia na Kuitupa

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Katibu, wazee wetu, na ndugu zangu nyote mliofika,

Nimeombwa nizungumze kuhusu kupunguza plastiki ya kutumika mara moja katika maisha ya kila siku. Mada hii ikitajwa, wengi wetu hushika neno "plastiki" na kujiandaa kusikia lawama dhidi yake. Mimi ningependa leo tushike yale maneno mawili ya mwisho, "mara moja". Plastiki iliyo katika bomba la maji lililofukiwa ardhini, katika ganda la waya wa umeme, au katika ndoo iliyokaa nyumbani miaka kumi na mitano na bado inateka maji, hiyo sina ugomvi nayo, wala sijakutana na mtu mwenye busara anayetaka kuiondoa. Ugomvi wangu uko na mrija unaokaa mdomoni dakika tano, na kijiko kinachokoroga kinywaji mara tatu kikaishia pipani, na mfuko unaobeba kitu kutoka dukani hadi mlangoni basi. Hivi ni vitu vilivyotengenezwa kwa malighafi isiyooza, kisha vikapewa kazi ya dakika chache.

Mambo hayakuanza hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mmarekani John Wesley Hyatt alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe za ndovu, na katika juhudi hizo ikapatikana seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo kabisa. Polithini, ambayo ndiyo mama wa mifuko mingi tunayoijua, iligunduliwa bila kukusudiwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, pale wanakemia Reginald Gibson na Eric Fawcett walipokuta kitu cheupe kama nta ndani ya chombo chao cha majaribio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kitu hicho kilitumika kufunika nyaya za rada, na habari zake zilitunzwa kama siri ya kijeshi. Angalieni umbali tuliosafiri: mali iliyolindwa na jeshi leo inapeperushwa na upepo na kunasa kwenye miiba.

Mfuko wenyewe wa kubebea, ule wenye mikono miwili na uliotengenezwa kwa kipande kimoja, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden aliyeitwa Sten Gustaf Thulin, akifanya kazi na kampuni ya Celloplast, na mwaka 1965 ubunifu huo ulilindwa kwa hataza. Mwanawe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba baba yake aliona miti mingi ikikatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, akataka mfuko mwepesi na imara ambao mtu angeutumia tena na tena, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mfuko mmoja aliouweka mfukoni umekunjwa. Naomba habari hii mwondoke nayo hata kama mtasahau mengine yote. Aliyeubuni mfuko huu hakuubuni ili utupwe.

Ni nani basi aliyetufundisha kutupa? Mwaka 1955 gazeti la Life la Marekani lilichapisha picha ya familia iliyonyanyua mikono kwa furaha huku sahani, vikombe na vyombo vingine vya kutupwa vikielea hewani juu ya vichwa vyao, na maelezo ya picha yakasema kwamba kuviosha vyote kungechukua saa 40, lakini hakuna mama wa nyumbani anayehitaji kujisumbua. Vyombo hivyo vilikuwa vya kila aina, wala si vya plastiki pekee. Jambo la kuzingatia ni kwamba kutupa kulihitaji kutangazwa na kusifiwa, kwa sababu watu wa wakati huo walikuwa wamezoea kuosha na kutunza. Mtu aliyezaliwa baadaye huona kutupa ni maumbile, kumbe ni somo ambalo wazazi na mababu zake walifundishwa wakiwa watu wazima.

Sasa tutazame kiasi. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni 2 za plastiki. Kufikia mwaka 2015, uzalishaji wa mwaka mmoja ulikuwa karibu tani milioni 380. Watafiti watatu, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walichapisha mwaka 2017 hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa hadi mwaka 2015, wakapata tani bilioni 8.3, na nusu ya kiasi hicho ilikuwa imetengenezwa katika miaka 13 tu ya mwisho. Sehemu kubwa kuliko zote ilikwenda kwenye vifungashio, yaani vitu ambavyo kwa kawaida havimalizi hata mwaka mmoja vikitumika. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakimtia moyo mwenye kuweka akiba, lakini methali yenyewe haichagui kinachotiwa kibabani. Mfuko mmoja ni gramu chache, na hakuna anayeona uzito wake mkononi, ndiyo maana ni rahisi kuukubali.

Plastiki ikishatupwa haiozi kama jani au mfupa. Jua huifanya iwe ngumu na dhaifu, mawimbi na upepo huivunja, ikawa vipande, kisha chembe, kisha vumbi ambalo jicho haliwezi kuliona. Mwaka 2004 mwanabiolojia wa bahari Richard Thompson na wenzake waliandika kuhusu chembe hizo zilizokutwa katika mchanga wa fukwe na katika maji ya bahari, na tangu hapo jina la mikroplastiki limekuwa la kawaida. Mfuko wa plastiki umepigwa picha katika Bonde la Mariana, katika bahari ya Pasifiki, kwenye kina cha karibu mita 10,900, mahali ambapo binadamu waliofika wanahesabika. Mwaka 2022 watafiti nchini Uholanzi walitangaza kwamba wamepata chembe za plastiki katika damu ya watu. Kuipata chembe mwilini hakutoshi kuthibitisha kwamba imesababisha ugonjwa fulani, na ningewaomba tusiwe wepesi wa kutishana kwa jambo hilo. Hata bila kutishana, inatosha kujua kwamba kile tulichodhani tumekitupa kimerudi ndani yetu.

Ndugu zangu, hapa najua baadhi yenu mnasema kimoyomoyo: si kuna urejelezaji? Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, na linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa kuwa faraja tunayoipata katika urejelezaji ni kubwa kuliko kazi inayofanyika.

Katika hesabu ile ya mwaka 2017, kati ya plastiki yote iliyokuwa imekwisha kuwa taka, asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa, asilimia 12 iliteketezwa kwa moto, na asilimia 79 ilibaki katika madampo au ilitapakaa katika mazingira. Hata katika ile asilimia 9, iliyorejelezwa zaidi ya mara moja ilikuwa sehemu moja tu katika kumi. Sababu yake si uvivu wa watu peke yake. Plastiki si kitu kimoja, ni ukoo. Chupa ya maji imetengenezwa kwa aina moja, kifuniko chake kwa aina nyingine, na lebo iliyozungushwa kiunoni mwake huenda ikawa ya aina ya tatu. Zikiyeyushwa pamoja haziungani vizuri, na kinachopatikana huwa dhaifu. Plastiki nyingi kila ziyeyushwapo hupungua ubora, hivyo chupa ya jana hugeuka nyuzi za zulia au kamba, na zulia likichakaa halirudi kuwa chupa. Vile vifuko vidogo vya kung'aa ambavyo ndani yake mna tabaka la plastiki, tabaka la alumini na tabaka jingine la plastiki lililogandamizwa juu yake, karibu havina mtu wa kuvirejeleza, kwa sababu gharama ya kuyatenganisha matabaka hayo inazidi thamani ya kitakachopatikana. Waokota chupa wanalijua hilo kuliko sisi. Mtazameni mmoja wao akifanya kazi: atachukua chupa ngumu, atachukua madumu, na hivyo vifuko atavipita kama mawe, na hapo atakuwa amewapa somo zima la uchumi wa urejelezaji bila kufungua kinywa.

Nitaje pia ile alama ya mishale mitatu yenye namba ndani yake, kuanzia 1 hadi 7. Wengi huiona chini ya chombo wakadhani ni ahadi kwamba chombo hicho kitarejelezwa. Alama hiyo ilianzishwa na wenye viwanda vya plastiki nchini Marekani mwaka 1988 ili kutambulisha aina ya malighafi. Namba 1 na namba 2, ambazo ni za chupa za vinywaji na za madumu na chupa za sabuni, kwa kawaida hupata mnunuzi. Namba 7 ina maana ya "nyinginezo", na kitu kilichowekwa katika fungu la nyinginezo mnajua wenyewe hatima yake.

Sisemi tuache kutenganisha taka. Tuendelee, tena kwa bidii. Ninachosema ni kwamba urejelezaji ni kazi inayoanza baada ya kosa kutendeka, na mtu anayechota maji yanayomwagika sakafuni hana budi kwanza kulifikia bomba na kulifunga. Na kwa walio mbali na huduma ya kuzoa taka, ambao njia yao ni kuchoma nyuma ya nyumba, naomba niseme wazi: moto wa uani hauna joto la kutosha kuimaliza plastiki. Hutoa moshi wenye sumu, na ikiwa ndani yake mna plastiki ya jamii ya PVC, ile ya mabomba mengi ya maji, hutoa pia dioksini, yaani kemikali zenye sumu kali ambazo hukaa muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Kwao hao kupunguza kinachoingia nyumbani ni muhimu maradufu, maana hawana mlango salama wa kukitolea.

Nije nyumbani sasa. Kabla ya kushauri mtu yeyote nilijipa zoezi ambalo nawaomba nanyi mlifanye. Kwa wiki moja sikutupa kitu chochote cha plastiki nilichokitumia mara moja. Nilivisuuza vyote, nikavikausha, nikavitia katika gunia, na siku ya nane nikavimwaga sakafuni nikavipanga kwa mafungu. Nilitarajia kuona matokeo ya uchoyo wangu au ya mapenzi yangu ya starehe. Nilichokiona kilinishangaza. Vitu nilivyovichagua kwa hiari, nikivitaka kwa jina, vilikuwa fungu dogo. Fungu kubwa lilikuwa la vitu nilivyopewa bila kuomba: mfuko juu ya mfuko, mrija ulioingizwa katika kinywaji kabla sijasema lolote, vijiko na uma vilivyofungwa pamoja na chakula nilichokuwa nakipeleka nyumbani kwangu, ambako vijiko vimejaa droo. Fungu lililofuata lilikuwa la usahaulifu: chupa za maji nilizonunua kwa sababu ile yangu nimeiacha mezani.

Ugunduzi huo ulibadili namna ninavyolitazama suala hili lote. Tumezoea kuhubiriana kuhusu nidhamu na kujinyima, ilhali sehemu kubwa ya plastiki ya mara moja haitokani na tamaa, inatokana na mambo kwenda haraka kuliko mdomo. Muuzaji anafungasha kwa mazoea na mnunuzi anapokea kwa mazoea, na kati yao hakuna aliyeamua. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuwahi kusema. Ukisema "usinifungie, nina mkoba" kabla ya mkono wa muuzaji kufika kwenye mifuko, umefanikiwa. Ukisema baada ya kitu kutiwa mfukoni umechelewa, kwa sababu mara nyingi ataukunja ule mfuko na kuutupa, na nawe utaondoka ukijisifu bure. Sekunde mbili hizo zina uzito kuliko hotuba yangu.

Dawa ya usahaulifu nayo haipatikani kwa kujilaumu. Mfuko wa nguo na chupa ya maji viwekwe mahali ambapo huwezi kutoka bila kuvigusa: katika kitasa cha mlango, ndani ya kiatu ukipenda, au ndani ya mkoba wa kazini visitoke humo isipokuwa kwa kuoshwa. Mtu anayetegemea kumbukumbu yake asubuhi akiwa na haraka atanunua chupa nyingine, nami ni shahidi.

Jikoni na bafuni yako mengi ya kubadilisha, na sitayataja yote. Sabuni ya kipande hufanya kazi ya chupa kadhaa za sabuni ya maji, na hufungwa kwa karatasi. Bakuli likifunikwa kwa sahani halihitaji karatasi laini ya plastiki juu yake. Bidhaa kavu zinazopimwa kwa kilo zinaweza kutiwa katika kopo ulilokuja nalo, muuzaji akikubali, na ukinunua kiasi kikubwa mara moja badala ya vifuko vidogo vingi utapunguza vifungashio sana, ingawa natambua kwamba kununua kwa wingi ni nafasi ya mwenye fedha za kutosha siku hiyo, na asiye nazo hana la kulaumiwa. Nepi za kitambaa na taulo za kike zinazofuliwa zipo, na zinamfaa mwenye maji na sabuni ya kutosha. Mwenye kuyapata maji kwa shida aachwe apime mwenyewe.

Ipo pia plastiki iliyojificha. Kikombe cha karatasi cha vinywaji vya moto kwa kawaida kina utando mwembamba wa polithini kwa ndani, vinginevyo kingelowa na kupasuka mkononi. Vile vitambaa vyenye majimaji vya kujifutia, vinavyouzwa katika pakiti, vingi vina nyuzi za polyesta, na vikitupwa chooni huziba mabomba. Kichungi cha sigara, ambacho wavutaji hukiangusha chini kana kwamba ni pamba, ni aina ya plastiki iitwayo selulosi asetati. Sivitaji hivi ili kumchosha mtu. Navitaja kwa sababu nimewaona watu wema wakikataa mrija kwa fahari huku wameshika kikombe cha karatasi wakidhani ni karatasi tupu.

Naomba nikae kidogo kwenye mtego mmoja, kwa kuwa wenye nia njema ndio hunaswa nao. Ni mtego wa kubadilisha malighafi na kuacha tabia ilivyo. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea kwa kipimo cha mchango wake katika ongezeko la joto duniani. Ulionyesha kwamba mfuko wa karatasi unapaswa kutumika mara 3 ndipo ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, na mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131. Pamba hulimwa, hunyweshwa, husokotwa na kufumwa, na yote hayo yana gharama. Utafiti huo haukupima madhara ya mfuko uliofika baharini, na hilo ni jambo zito ambalo halifai kusahauliwa. Lakini hesabu yake inatuambia kitu ambacho Thulin alikijua tangu mwanzo, kwamba ubora wa mfuko uko katika kurudiwa. Mwenye mfuko mmoja wa pamba unaochakaa mkononi mwake amefanya jambo jema. Mwenye mifuko ishirini ya pamba aliyogawiwa kwenye makongamano, yote mipya kabatini, ana kabati lililojaa deni.

Vivyo hivyo vyombo vinavyoitwa vya kuoza, vilivyotengenezwa kwa plastiki ya mahindi au miwa. Aina iliyoenea zaidi, iitwayo PLA, huoza vizuri katika mitambo maalumu ya mboji yenye joto la takriban nyuzi 60 za Selsiasi. Ikitupwa mtaroni au baharini hukaa muda mrefu karibu kama jamaa zake. Neno "huoza" lililochapwa kwenye kikombe ni kweli nusu, na nusu iliyobaki inategemea kama mtambo huo upo mahali ulipo.

Na jambo jingine dogo: tafadhali msiende nyumbani jioni hii mkatupa makopo yote ya plastiki mliyonayo ili mnunue ya kioo yanayopendeza. Kopo lililokwisha kutengenezwa litumike mpaka lipasuke. Kulitupa leo likiwa zima ni kuligeuza la mara moja kwa mikono yako.

Mheshimiwa Mwenyekiti, haki inanitaka niseme pia kwamba wapo ambao plastiki ya mara moja kwao ni tegemeo. Hospitalini, sindano na mirija ya damu ya kutumika mara moja imezuia maambukizi mengi, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Wapo watu wenye ulemavu ambao hawawezi kunyanyua kikombe, nao mrija unaopinda ndio unaowawezesha kunywa bila kulishwa. Mirija ya karatasi huwalainikia kabla hawajamaliza, na ya chuma inaweza kuwajeruhi. Mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki, chupa ya maji ni kinga dhidi ya kipindupindu, na mwenye kustahili kuulizwa hapo ni mwenye mamlaka ya maji, wala si mama aliyemnunulia mtoto maji salama. Tunapopunguza, tuanze na kile ambacho hakuna atakayekikosa kikiondoka, na hicho ni kingi mno.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Bangladesh ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, mwaka 2002, baada ya kuonekana kwamba ilichangia kuziba mifereji wakati wa mafuriko makubwa. Mwaka huohuo Ireland haikupiga marufuku, iliamua kutoza ushuru kwa kila mfuko mlipaji akiwa ni mnunuzi mwenyewe, na matumizi yakashuka kwa takriban asilimia 90. Rwanda ilifuata kwa marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2021 kuzuia mirija, vijiko, sahani na vitu vingine kadhaa vya plastiki ya mara moja. Mimi huvutiwa zaidi na mfano wa Ireland, kwa sababu una sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Baada ya miaka michache watu waliuzoea ule ushuru, matumizi yakaanza kupanda tena, na mwaka 2007 serikali ikaupandisha. Mazoea ni mjanja, hurudi kupitia dirishani. Kwa upande wa dunia nzima, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikubaliana jijini Nairobi, Machi 2022, kuandaa mkataba wa kisheria kuhusu plastiki, lakini mazungumzo ya Busan mwishoni mwa 2024 na ya Geneva mwezi Agosti 2025 yalimalizika bila mapatano, na mgawanyiko mkubwa ukiwa juu ya swali la kama uzalishaji wenyewe uwekewe kikomo au tuzungumzie taka peke yake. Kwa hiyo lile suala la bomba na maji ya sakafuni, ambalo mimi na ninyi tunalijadili katika ukumbi huu, wakubwa pia limewashinda.

Tusiposubiri mkataba, nguvu iko wapi? Jibu langu huenda likawashangaza walioniona nikizungumzia jikoni. Nguvu kubwa haiko kwa mtu anayejinunulia. Iko kwa mtu anayeagiza kwa niaba ya wengine. Mtu mmoja akikataa mrija, ameokoa mrija. Mwalimu mkuu akiamua kwamba shule yenye wanafunzi mia sita itakuwa na vikombe vya kuoshwa na mahali pa kujazia maji, uamuzi wake wa nusu saa unarudiwa mara mia sita kila siku ya masomo bila mtu yeyote kuombwa ajitahidi. Vivyo hivyo afisa ununuzi wa ofisi, kamati ya maandalizi ya sherehe, mwenye mgahawa anayeamua kwamba vijiko vya plastiki vitatolewa kwa anayeviomba tu, na viongozi wa nyumba za ibada wanaopanga chakula cha waumini. Ndiyo maana ningependelea kila mmoja wetu, badala ya kujiuliza tu ni nini atakiacha, ajiulize pia ni wapi neno lake linaagiza vitu kwa ajili ya watu wengi. Kila mtu ana mahali hapo, hata kama ni mkutano mmoja kwa mwaka.

Na kwa kuwa nimetaja mikutano, sina budi kumaliza na meza hii iliyo mbele yangu. Tangu niketi nimehesabu chupa ndogo 12 za maji juu yake. Saba zimefunguliwa, na kati ya hizo tano zimenywewa nusu zikaachwa. Simlaumu aliyeziweka, kwani aliziweka kwa heshima ya wageni, na pengine aliagizwa kama ilivyoagizwa mwaka jana na mwaka juzi. Ila nilipofika mapema kuangalia kipaza sauti nilionyeshwa chumba cha nyuma ambako kuna kabati la bilauri za kioo, nyingi tu, zina vumbi kidogo, na majagi manne. Ndugu Katibu, naomba ombi hili liandikwe katika kumbukumbu za kikao cha leo: mkutano ujao tuwekewe majagi na bilauri, na mimi najitolea kuwa miongoni mwa watakaoziosha watu wakishaondoka. Zile chupa tano zilizonywewa nusu, wenyewe wajitambue na wazimalize. Hii yangu nitaondoka nayo.

Asanteni kwa kunisikiliza.